Shimo la Sitini na Nne

Machi 2

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili ambao mmoja wao alikuwa amelala, natangaza kwamba leo saa mbili asubuhi nimekabidhiwa penseli. Ni moja, ya njano, imechongwa upande mmoja, na nimetia sahihi kuipokea.

Aliyenikabidhi ni Mtaalamu wa miamba, dada mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ndiye mkuu wetu. Shahidi aliyekuwa macho ni Fundi Shimo, mchimbaji. Aliyelala ni dereva, tunayemwita Kilomita kwa sababu hawezi kukupa habari za msiba bila kwanza kutaja umbali wa kwenda kuzika.

"Peni sitaki," alisema Mtaalamu. "Wino na mvua hawapatani. Na kila mfuko lebo mbili, Karani. Moja nje, moja ndani. Ya nje ikioza, ya ndani itasema."

Basi mimi ni karani wa mifuko. Tunatafuta kujua kama mlima huu, nilikozaliwa, una boksiti ya kutosha kuwafaa wenye fedha zao. Boksiti ni huu udongo mwekundu wenye punje kama njegere, ambao ukisumbuliwa vya kutosha huwa sufuria. Sikufundishwa na mtu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nimesoma sana karatasi za kufungia vitumbua na sabuni, na watu wa miamba hutupa karatasi nyingi.

Kilomita alipoamka alitangaza: "Toka stesheni ya reli mpaka hapa tulipo, mia tatu na kumi. Nimeisoma kwenye dashibodi kwa macho yangu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Machi 4

Leo limefunguliwa sanduku la bati la kampuni ya kwanza. Ilikuja hapa miaka thelathini na moja iliyopita, ikatoboa mlima mashimo sitini na kitu, ikaondoka bila kuaga. Mtaalamu anataka tuchimbe mashimo pacha, yaani kando ya kila shimo la zamani tuchimbe jipya, tulinganishe, tuone kama namba za wazee zilikuwa kweli au hadithi. Ndani ya sanduku kuna daftari la mashimo. Nikaletewa mimi.

Nililifungua, nikalifunga.

Mwandiko ni wa baba.

Nilijua alifanya kazi na watu wale. Alikuwa mpimaji wao. Alihesabu hatua, akachimba, akaandika. Sikujua kwamba maandishi yake bado yapo duniani. Nyumbani hayapo, mama alichoma yote. Herufi yake ya K ina mguu uliotangulia mbele, kama mtu anayetaka kumtega mwenzake. Mimi nami naandika K hivyo hivyo. Nilidhani niliibuni mwenyewe.

Baba aliondoka tarehe kumi na tisa Mei ya mwaka ule. Nilikuwa na miaka sita, dada yangu kumi na mmoja, naye anaikumbuka tarehe kwa sababu alikuwa na surua. Mama alituambia amefuatana na mwanamke muuza vitambaa. Dada hajamwita baba tangu siku hiyo, humwita "yule bwana". Ila watu wa huku walikuwa na kauli yao nyingine, ya chini chini, kwamba mashimo ya kampuni yaliporomoka mvua ile, na si kila aliyeshuka alipanda.

Mstari wa mwisho wa daftari unasema hivi: *Na. 64. Hatua 120 kusini toka 63. Halijakamilika. Maji.*

Baada ya hapo, kurasa tupu.

Nataka kujua jambo moja tu kabla kazi hii haijaisha. Baba alitembea akaenda zake, au yumo ndani ya shimo la sitini na nne?

Machi 7

Mvua. Mashimo mawili. Mifuko kumi na tisa.

Machi 8

Mvua.

Machi 11

Fundi Shimo anatafuna mlima. Kila nusu mita huchukua kipande, hukiweka kwenye meno ya mbele na kufumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa mkwe.

"Ikilia kama mchanga, hiyo ina silika, mbaya," alinieleza. "Ikilainika kama biskuti, hiyo ndiyo yenyewe."

"Na maabara je?"

"Maabara watakuambia hayo hayo baada ya mwezi mmoja, na wao hawapati hata ladha."

Nimejaribu. Shimo la tisa lililia kama mchanga. La kumi lilinilegeza jino.

Machi 13

Jumapili, kwa mama. Nyumba yake iko kwenye bega la mlima, upande wa kusini, yenye vyumba viwili na jiko la nyuma lenye sakafu ya saruji. Tulikuwa tunakula mvua ilipoanza, na papo hapo mama akainuka, akachukua mwiko, akaanza kugonga sufuria. Hufanya hivyo mvua zote. Tangu utoto tulidhani kila mama hufanya hivyo, mpaka dada alipoolewa akarudi na habari kwamba mama wa wenzetu hukaa tu.

"Mama, leo unagonga nini?" nikamuuliza.

"Nafukuza panya."

"Panya wa mvua?"

"Mwanangu, kula."

Mkono ulipochoka akapumzika kidogo, na hapo nikaisikia. Chini ya sakafu. *Tok.* Kimya. *Tok.* Kama sururu inayopigwa mbali, na mtu asiye na haraka.

Nilipokuwa mdogo nilimwambia dada kuna mtu anachimba chini ya jiko. Alinizaba kofi, kisha akalala na taa.

Machi 16

Mashimo mawili. Kilomita amekwama kwenye tope mita arobaini toka kambini. Amezitaja kuwa arobaini na mbili.

Machi 22

Mtaalamu ametandika ramani mezani akatuonyesha. Kaskazini mlima ni maskini. Katikati si haba. Kadiri tunavyokwenda kusini tabaka linanenepa. "Likiendelea hivi mpaka kwenye bega, patakuwa na mgodi," alisema. "Nyumba za pale zitahamishwa."

Alisema "nyumba za pale" kwa upole. Hajui ni za nani, nami sikumwambia.

Ramani yake ina duara kwa kila shimo, isipokuwa la sitini na nne. Mashimo mengine ya zamani yanaonekana, yamebaki mabonde madogo yenye maji na vyura. La sitini na nne halionekani popote. Nikaona nafasi yangu.

"Hapa pamebaki pengo," nikasema, nikaweka kidole.

Mtaalamu anachukia pengo kama paka anavyochukia kuoga. Aliitazama ramani, akanitazama. "Litafutwe," akasema. "Karani, daftari unalo wewe. Hesabu hatua."

Nilirudi kwenye hema nikausoma tena mstari wa mwisho wa daftari.

Aprili 1

Hatua mia moja na ishirini kusini toka shimo la sitini na tatu. Nilizihesabu kwa sauti, kama mtoto anayecheza kombolela. Fundi Shimo akachimba. Mita mbili, mita tatu. Nilisimama ukingoni nikiihesabu kila sururu iliposhuka.

Akapanda, akajifuta uso. "Hapa hapajawahi kuchimbwa."

"Umejuaje?"

"Udongo uliochimbwa ukarudishwa haulali tena kama mwanzo. Ni kama mke uliyemtukana. Huu haujatukanwa."

Aprili 5

Tumejaribu mita tano kushoto. Haujatukanwa.

Aprili 6

Tano kulia. Vivyo hivyo. Mtaalamu amesema tuliache kwanza. Mimi nimeota nahesabu hatua, na kila nikifika mia moja na kumi na tisa, mtu nyuma yangu anamalizia.

Aprili 8

Mvua. Mvua. Mvua.

Aprili 14

Ujinga wangu nauandika hapa kwa penseli, usikimbie.

Hatua za kwenye daftari ni za baba, na mimi nilitembea kwa miguu yangu. Nimechukua urithi wa mama, mfupi mwenye haraka. Baba alikuwa mrefu, hicho ndicho kitu pekee ninachokumbuka kwa hakika: magoti yake yalikuwa usawa wa macho yangu.

Leo nimechukua futi ya kamba, nikaenda toka shimo la sitini na mbili hadi la sitini na tatu, ambayo yote yanaonekana. Daftari linasema hatua themanini. Kamba imesema mita sabini na tano na sentimita ishirini. Nikagawanya juu ya mfuko mtupu wa sampuli.

Sentimita tisini na nne.

Hiyo ndiyo hatua ya baba. Sina picha yake, sina shati lake, sina kaburi, ila nina hatua yake. Nilijaribu kuitembea. Inabidi kuruka kidogo. Fundi Shimo aliniona naruka mlimani peke yangu kwenye manyunyu, akageuza uso kwa adabu.

Kisha nikapima upya, hatua mia moja na ishirini za mtu mrefu. Kamba ilipita mahali tulipochimba, ikapita mgomba wa mama, ikapita kamba yake ya kuanikia nguo, ikaishia kwenye mlango wa jiko. Bado ilikuwa inadai mita mbili.

Nikaikunja. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Umepoteza nini?" akaniuliza.

"Sijui bado," nikamjibu.

Aprili 15

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Aprili 17

Nimemwita dada. Amekuja na uso wa kuja kuamua ugomvi. Tukaingia jikoni wote wawili, nikatandaza kamba sakafuni bila kusema kitu. Ilifika katikati ya sakafu, kwenye mafiga.

Mvua ilikuwa imeanza. Mama hakuchukua mwiko.

*Tok.*

"Mama," dada akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule wa miaka kumi na mmoja. "Nani yuko humu?"

"Hamna mtu."

"Mama!"

"Nimesema hamna mtu! Ningepika juu ya mume wangu? Mnanionaje nyie?" Akaketi kwenye kigoda. Alipoanza kusema alisema akiitazama sufuria. "Baba yenu alichimba hapa uani. Shimo la mwisho. Akapanda anacheka na kulia. Akaniambia, mke wangu, nimeonja, haina mchanga hata chembe, mita tano nzima. Wakiiona hii tumekwisha, watatufagia mlima wote. Akaandika kwenye daftari lao kwamba kuna maji. Akafunika kwa magogo na bati, akajenga jiko juu yake kwa siku tatu. Mifuko akaiacha huko huko chini."

"Halafu?" nikasema.

"Halafu mkubwa wao akauliza, mifuko ya sitini na nne iko wapi? Ilikuwa imehesabiwa kabla ya kujazwa. Wakasema ameiba sampuli, wataleta polisi. Akaniambia, naenda kukaa mbali mvua hii tu, wakiondoka nitarudi. Ukiulizwa, sema nimefuata mwanamke, hiyo watu huiamini upesi."

"Wakaondoka," dada akasema.

"Wakaondoka. Yeye hakurudi. Sijui kafa, sijui yu hai, sijui hata barabara gani alishika."

"Na sisi ukatuambia..."

"Ningewaambia nini? Mtoto ana mdomo. Nilichagua mumchukie mkiwa kwenu, kuliko mumpende mkiwa barabarani."

Dada alishika mlango. "Kwa hiyo nimemnunia mtu miaka thelathini na moja bure," akasema.

"Si bure. Una nyumba ya kuja kununia."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nao wakacheka, kicheko kibaya, kisha mama akalia, na ile *tok* ikaendelea chini yetu kama saa ya ukutani.

Aprili 18

Nimeazima ngazi na nyundo kambini, nikasema ni za paa la mama. Tulifunga mlango mchana kweupe. Saruji ilivunjika kirahisi. Chini yake bati, na chini ya bati magogo meusi, na chini ya magogo hewa ya baridi iliyonuka chuma.

Ingawa mama alikuwa ameapa, nilishuka nikitegemea kumkuta. Mtu hawezi kungoja kitu maisha yake yote akaacha kukingoja kwa sababu ameambiwa.

Kuta zilikuwa kavu, nyekundu, punje tupu toka juu hadi chini. Baba alikuwa amechonga vishimo vya kukanyagia vya kushukia, na vilikuwa mbali mbali. Mguu wangu haukufika toka kimoja hadi kingine. Nilining'inia kwenye ngazi nikivitazama vikipita pembeni yangu, kama mtu anashuka kando yangu kwa raha zake.

Chini hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndoo ya bati iliyopinduliwa, na toka kwenye mzizi mmoja juu, tone la maji liliidondokea. *Tok.* Huyo ndiye mchimbaji wetu.

Mifuko kumi imepangwa ukutani. Nguo imeoza, na lebo za nje zimekuwa uji. Nikatia mkono kwenye udongo wa mfuko wa mwisho, nikaipata ya ndani, imekunjwa ndani ya kipande cha nailoni. Penseli. K yenye mguu mbele. *64. Mita 4.5–5. Karani atakayeonja: haina mchanga.*

Nikaweka punje mbili menoni. Zililainika kama biskuti.

"Vipi huko?" dada akaita toka juu. "Yupo?"

"Hayupo."

Kisha nikasikia akisema polepole, si kwangu, "Baba hayupo."

Nilipanda na ndoo mkononi. Tukafunika, tukamwaga saruji.

Aprili 20

Mtaalamu amenisimamisha kwenye meza ya ramani. "Pengo lako limefikia wapi, Karani? Kama pale ni nene kama ninavyodhani, hilo shimo moja linabadilisha hesabu yote."

Ni mtu mwema. Hunigawia chai yake. Alinifundisha kusoma jedwali la silika bila kunicheka. Nikafungua daftari letu jipya mbele yake, nikachonga penseli, nikaandika.

*Na. 64. Halijakamilika. Maji.*

Aliutazama mstari wangu. Akalitazama daftari la zamani lililokuwa wazi pembeni. Aliangalia K moja, akaangalia K nyingine.

"Mvua mbaya mwaka huu," akasema, akageuza ukurasa.

Aprili 25

Mifuko yote mia tano na sita imekwenda maabara. Kilomita amepiga honi mpaka alipopotea. Sasa tunangoja. Nikilala naona nyumba ya mama imebebwa na tingatinga, na karani mmoja mrefu anaiandikia lebo mbili.

Mei 1

Mvua, na jikoni kimya. Mama hagongi tena sufuria. Dada anasema mama hapati usingizi, anazunguka nyumba usiku kucha.

Mei 3

Mama amefika kambini mwenyewe, kwa miguu, na mwavuli uliovunjika.

"Rudisha ndoo," akaniambia.

"Mama, ni tone la maji tu."

"Najua ni tone la maji! Mimi mjinga? Nilimwona akiiweka. Nimeifunika kwa kelele za sufuria miaka yote nyie msiisikie, lakini mimi nilikuwa naisikia. Rudisha."

Mei 4

Saruji imevunjwa tena. Ndoo imerudishwa. Nimeacha tundu dogo sakafuni, la ukubwa wa sarafu, sauti ipande vizuri.

Mei 19

Dada amekuja kwa mama bila kuitwa. Mvua haikunyesha, lakini ardhi bado imeshiba maji ya juzi, na tone halijui kalenda. Tulikaa watatu tukisikiliza. Hakuna aliyesema "yule bwana".

Mei 27

Ripoti imetoka. Mtaalamu amenipa niisome kwanza, kwa sababu anasema ni mimi pekee ninayesoma viambatisho. Kurasa mia na kumi na nne. Nilisoma nikimngoja shetani wa shimo la sitini na nne katika kila jedwali.

Hayumo. Mlima hautachimbwa. Wameweka hesabu ya madini haya, hesabu ya madini mazuri maradufu, na hesabu ya madini bora kuliko yote yanayojulikana, na zote tatu zimekufa mahali pamoja. Boksiti ni mzigo mzito wa bei ndogo, na reli iko kilomita mia tatu na kumi.

"Niliwaambia siku ya kwanza," alisema Kilomita.

Kiambatisho cha mwisho ni nakala ya ripoti ya kampuni ya kwanza, iliyotoka makao makuu. Ni ukurasa mmoja. Inasema mlima uachwe, reli iko mbali. Imesainiwa tarehe nane Mei ya mwaka ule ule. Baba aliondoka tarehe kumi na tisa.